Jumatatu Haikosi Habari

Kampuni ninayofanyia kazi inauza matairi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani tunacheza na hisa za New York au tunaikopesha serikali ya Argentina. Ni matairi tu: ya malori, ya mabasi, na machache ya bajaji. Yanatoka China na India, yanashushwa bandari ya Dar es Salaam, mengi yanapanda kwenda Mbeya na Tunduma, mengine yanavuka mpaka hadi Zambia na Lubumbashi. Mtu wa biashara hii ana mambo machache ya kujua kuhusu dunia. Dola ni shilingi ngapi, na je, inapatikana? Kontena kutoka Shanghai linakuja kwa bei gani? Mafuta yanapanda au yanashuka? Mpira umekaaje huko Thailand? Akishajua hayo, aende akauze.

Kwa miaka kadhaa mwandishi wa mambo hayo, kwa ajili ya kikao chetu cha Jumatatu, nilikuwa mimi. Ijumaa Shanghai wanatoa kipimo chao cha nauli za makontena, nakinukuu. Jumatatu asubuhi naangalia kiwango cha dola cha Benki Kuu, bei ya mafuta ghafi ya Brent, na bei ya shaba kwenye soko la madini la London. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo za mafuta, nazo naziongeza. Ukurasa mmoja, kwisha. Na kuna wiki hata huo ukurasa haukujaa. Nilikuwa naandika: "Wiki hii hakuna jipya. Dola bado ya kuombea dua." Bosi anasoma, anaguna, tunaingia kwenye mauzo, na kikao kinaisha chai ikiwa bado ya moto.

Mwanzoni mwa 2025 bosi alikwenda semina. Bosi wetu akirudi safari na homa, tunamwombea yeye. Akirudi na wazo, tunajiombea sisi. Safari hii alirudi na wazo kwamba kazi yoyote inayojirudia ni kazi ya mashine, na kwamba kampuni makini duniani zote zimeshaacha kumtumia mtu kukusanya habari za uchumi. Alilisema hilo kikaoni huku akimtazama kila mtu isipokuwa mimi, na ndipo nilipojua kuwa nimesemwa mimi.

Kijana wa TEHAMA akaitwa. Ni kijana mzuri, ana adabu, ananiamkia shikamoo hata kwenye barua pepe. Akanieleza mpango wenyewe: kuna programu itakayoamka peke yake kila Jumatatu, ipite kwenye tovuti za magazeti na masoko, ichote bei na habari, izikabidhi kwa akili mnemba, akili mnemba izisome zote na kuandika taarifa, kisha taarifa ijitume yenyewe kwenye barua pepe na kwenye kundi letu la WhatsApp.

"Na wewe utakuwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi nitakuwa nimelala, mzee wangu."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa unapitia tu."

Tangu siku hiyo sijalala Jumapili usiku kwa amani. Zamani nilikuwa naandika ukurasa mmoja ninaoujua. Sasa napitia kurasa tisa zilizoandikwa na kitu kisichojua kama tunauza matairi au maandazi, na kila namba lazima niifuate hadi kwenye chimbuko lake, maana ikitoka na kosa bosi hampigii simu akili mnemba. Mshahara haujapanda. Cheo ndicho kimebadilika: naitwa msimamizi wa mfumo. Mke wangu alipolisikia hilo alifurahi sana, akauliza kama mfumo huo una marupurupu.

Toleo la kwanza lilitupata vibaya. Bosi alikuwa amesema taarifa itoke saa moja, yaani tukiwa tunavaa viatu. Kijana akaandika moja. Mashine ikaelewa saa saba usiku, na ikatii. Simu za wakuu wa idara zote zikalia kwa pamoja. Mkuu wa mauzo aliamka akidhani kuna msiba kijijini. Kwa bosi, kwa tuliyoyasikia baadaye, shemeji ndiye aliyeiwahi simu, akakuta maandishi juu ya kioo yanasema mavuno ya hatifungani za Marekani yameshuka. Aliuliza huyo Mmarekani ni nani, anavuna nini usiku ule, na kwa nini anamtaarifu mume wa mtu. Maelezo ya bosi yalichukua muda, kwa sababu hatifungani si jambo rahisi kulieleza hata mchana.

Saa ikarekebishwa. Kurasa tisa hazikurekebishwa.

Mpangilio wake ni huu. Marekani kwanza, kurasa tatu. Kisha Ulaya, kisha China, kisha Japani, kisha kitu kinachoitwa masoko yanayoibukia, ambamo Afrika nzima inakaa chumba kimoja na Uturuki na Brazil. Humo ndani sisi Watanzania tuna sentensi moja, nayo mara nyingi tunaigawana na Uganda. Julai 2025 Benki Kuu yetu iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, tulipata mstari mmoja na nusu. Septemba mwaka huohuo benki kuu ya Marekani iliposhusha ya kwao kwa robo asilimia hivyohivyo, tukasomewa kurasa mbili, pamoja na maoni ya watu waliokubaliana na uamuzi, waliopinga, na waliokuwa wamelitabiri hilo tangu mwezi uliopita. Mkopo wa kampuni yetu, kwa faida ya wanaouliza, haukugusika kwa lolote kati ya hayo mawili. Riba yake iko palepale, imekaa na miguu juu ya meza.

Sitaki kusema kwamba Marekani haituhusu. Inatuhusu sana, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wao walianza kupandisha riba Machi 2022, kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 walikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mwenye dola popote duniani akaona heri aipeleke Marekani ikazae huko kuliko kuiacha ikizurura. Huku kwetu dola zikaadimika. Kwenye karatasi dola ilikuwa na bei yake safi kabisa, shilingi 2,500 na kitu, yeyote angeweza kuisoma kwenye tovuti. Dirishani ilikuwa haipo. Mhasibu wetu alikuwa akienda benki na karatasi ya malipo ya matairi, anarudi na ahadi. "Wamesema nije Alhamisi," anatuambia, na kwa jinsi alivyoitamka hiyo Alhamisi tulijua kama kontena litalipiwa mwezi ule au la. Nilikuwa naandika taarifa yangu kwa kumsikiliza mhasibu anavyofunga mlango. Mashine ingekuwapo mwaka ule ingetuandikia kuwa shilingi imepungua thamani kwa kiasi cha wastani, na sisi tungebaki tunashangaa hicho kiasi cha wastani kimetukwamishia vipi mzigo kiwandani.

Kisha mwishoni mwa 2024 shilingi ikaamka ghafla, kutoka juu ya 2,700 kwa dola hadi karibu na 2,400 ndani ya wiki chache. Waliokuwa wamenunua dola kwa bei ya juu ili kuzificha walilia machozi ya kweli. Wakenya nao walikuwa wameyaona ya kwao mapema mwaka huohuo, shilingi yao ilipotoka 160 ikarudi kwenye 130. Hizo ndizo habari ambazo mtu anataka kuzijua kabla hazijatokea. Nimeiuliza mashine kuhusu sababu. Imenijibu kuwa ni kutokana na mambo mbalimbali ya ndani na ya nje.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni kwamba mashine haijui kunyamaza. Binadamu akikosa la kusema, angalau mara mojamoja, hunyamaza. Mashine ni kama mshereheshaji wa harusi aliyekwisha kulipwa: hata chakula kikichelewa, hata bwana harusi asipoonekana, yeye kipaza sauti hakishushi. Wiki ile ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, masoko ya wenzetu yamepoa, wanauchumi wenyewe wako kwa mama zao wanakula, sisi tulipokea kurasa tisa. Nilizisoma zote kwa sababu ndiyo kazi yangu. Zilisema masoko yalionyesha utulivu wenye tahadhari. Zilisema wawekezaji wanasubiri ishara. Zilisema mafuta huenda yakapanda endapo mahitaji yataongezeka, na huenda yakashuka endapo mahitaji yatapungua. Mwaka mpya wa Wachina viwanda vyote vya matairi vinafungwa, watu wanapanda treni kwenda kwao, hata yule dada wa kiwandani anayejibu ujumbe wetu usiku wa manane huwa hajibu. Muuza viatu yeyote wa Kariakoo anaijua tarehe hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa, na agizo lake anakuwa amelituma mapema. Mashine iliiona China iko kimya, ikatuandikia kuwa uzalishaji unatia wasiwasi.

Nilipendekeza kikaoni kwamba ifundishwe kuandika "hakuna jipya." Kijana wa TEHAMA alinitazama kwa huruma. Akasema inawezekana, lakini taarifa ikitoka tupu watu watadhani mfumo umeharibika. Bosi akaongeza kuwa amelipia mwaka mzima.

Aprili 2025, hata hivyo, tulipata habari kweli, na mashine ikapata wazimu. Tarehe 2 Rais Trump alisimama bustanini Ikulu ya Marekani na bango la ushuru mpya kwa dunia nzima. Sisi asilimia 10. Kenya asilimia 10. Lesotho, masikini ya Mungu, asilimia 50. Visiwa vya Heard na McDonald, kule kuelekea ncha ya kusini ambako hakuna hata mtu mmoja, ni pengwini na mawimbi, navyo asilimia 10. Mashine iliyaripoti yote hayo kwa uzito uleule, na pengwini wakapata sentensi ndefu kuliko ya Tanzania. Tuliitwa kikao cha dharura. Kampuni yetu haijawahi kuuza Marekani hata vali ya tairi la baiskeli, lakini tulikaa hadi saa nane mchana tukijadili tutajikinga vipi. Mkuu wa mauzo alishauri tutafute masoko mbadala. Nikamuuliza mbadala wa nini. Wiki moja baadaye, tarehe 9, sehemu ya ushuru ule iliyozidi asilimia 10 ikasimamishwa kwa siku 90 kwa karibu kila mtu isipokuwa China, na mashine ikatuletea toleo maalumu la kuelezea kwa nini tusiwe na wasiwasi tuliokuwa tumesababishiwa na toleo maalumu lililotangulia.

Mashine niipe haki yake lakini. Katika lile la "isipokuwa China," ushuru ulipofika zaidi ya asilimia mia, mashine iliandika ukurasa wa saba kwamba viwanda vya China vikikosa Marekani vitatafuta pa kumwaga bidhaa, yakiwemo matairi, na wanunuzi wa kwingineko wanaweza kubembelezewa bei. Hilo lilikuwa jambo la maana, na lilituhusu sisi, na sikuwa nimeliwaza. Kasoro ni kwamba lilikuwa ukurasa wa saba. Kwa uzoefu wa ofisi yetu, kitu ukikiandika ukurasa wa saba umekizika na udongo umeushindilia.

Maana nani anasoma? Nimefanya uchunguzi wangu wa chinichini. Mhasibu anatafuta mstari wa dola, akiupata anafunga. Meneja wa ghala anasoma kichwa cha habari ili ajue kama dunia ipo. Bosi mwenyewe, aliyeileta, haisomi: anaiambia simu yake imfupishie kurasa tisa ziwe mistari mitatu, kisha imsomee kwa sauti akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Nikafikiri kidogo hapo. Mashine moja inachukua habari fupi inaziandika ndefu, mashine ya pili inachukua ndefu inazifanya fupi, na katikati nimesimama mimi nimevaa miwani, nahakiki. Mkuu wa mauzo ndiye mjanja. Yeye anakata aya mbili tatu, anaondoa jina la mfumo, anazituma kwa wateja wakubwa kama uchambuzi wake. Mteja mmoja wa Mbeya alivutiwa mno akamtumia mwenzake, mwenzake akamtumia binamu yake aliyeko kwetu idara ya manunuzi, na Jumatano jioni ikaturudia kwenye kundi letu wenyewe ikiwa na maneno: "Jamani mmeiona hii? Huyu mtu ana akili."

Kuna siku mashine ilitaka kutugombanisha na muuza dizeli. Taarifa ilitoka ikisema mafuta ghafi ya Marekani yameuzwa chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta anamlipa mnunuzi ili ayachukue. Kwa bahati mbaya asubuhi hiyo nilikuwa hospitali na mtoto, na bosi akaikuta kabla yangu. Akampigia simu msambazaji wetu wa dizeli, akamwambia ameshajua mchezo wao. Msambazaji akamuuliza kama amepata kifungua kinywa.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, ila ya tarehe 20 Aprili 2020. Siku ile, wakati wa korona, ndege zimelala na magari yamelala, matangi ya kuhifadhia mafuta kule Cushing, Oklahoma, yalikuwa yanakaribia kujaa, na waliokuwa wameshika mikataba ya mafuta ya mwezi Mei wakaona muda unawaishia na hawana pa kuyaweka. Wakalipa watu wawapokee. Pipa likafika dola 37 chini ya sifuri. Mikataba ile ilikuwa karatasi za watu wa New York, na hakuna kituo cha mafuta hapa Dar kilichomlipa mwenye bajaji ili ajaze tangi. Mashine ilikuwa imeokota makala ya kumbukumbu ikaiona ni ya jana. Kijana wa TEHAMA akaomba radhi kwa niaba yake. Mimi nikaandikiwa barua ya kuulizwa kwa nini sikuipitia.

Sasa nije kwa mtu wa Tunduma.

Tuna kijana wetu wa mauzo pale mpakani. Hana shahada ya uchumi. Kila Jumamosi jioni alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake unasikia honi, jenereta, na mtu anayenadi mayai ya kuchemsha. Anasema hivi: "Mzee, shikamoo. Foleni leo imerudi nyuma mpaka kule kwenye mzani. Wakongo wanapita wengi, wamebeba shaba. Lakini madereva hawanunui mpya, wanaulizia zilizotumika, na wengine wanahamisha za nyuma kuweka mbele. Matajiri zao hawajawatumia hela. Mpe bosi salamu." Sekunde arobaini. Ukimsikiliza vizuri umepata bei ya shaba ya London, hali ya migodi ya Katanga, hali ya mifuko ya wenye malori, na oda yetu ya mwezi ujao. Shaba ikipanda London, migodi inatoa mzigo, malori yanashuka Kasumbalesa hadi Tunduma hadi bandarini, na kila lori lina matairi zaidi ya ishirini yanayolika kwenye lami ya Mlima Kitonga. Sisi mkate wetu uko hapo.

Februari 2025 Kongo ikasimamisha kuuza nje kobalti, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka na dunia imeshiba. Kobalti ya Kongo hutoka pamoja na shaba, na sehemu yake hupita njia hiihii yetu. Mashine iliiripoti, sikatai. Iliiweka kwenye ukurasa wa teknolojia, chini ya magari ya umeme, pamoja na habari za betri na maoni ya mtu mmoja wa California. Hakuna mtu ofisini aliyehusisha jambo hilo na matairi. Jumamosi ile mtu wa Tunduma akasema: "Mzee, kuna jamaa wa Kongo wamepaki, wanasema mzigo wao umezuiliwa na serikali. Waliokuwa wameahidi kununua wamesema tusubiri." Nikapunguza oda ya aina moja ya tairi. Sikuandika popote. Nilimwambia mtu wa manunuzi kwenye ngazi, tukiwa tunashuka kwenda kula.

Hiyo ndiyo kesi yangu dhidi ya mashine, na ni kesi ya siku nyingi kuliko mashine. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi za kuagiza kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka, ili kulinda wakulima wake. Tangazo la kurasa chache kutoka wizara ya biashara ya Delhi. Baba yangu mdogo analima mbaazi Babati, na kwa mwaka ule hakuna habari ya dunia iliyomgusa zaidi ya hiyo: bei ikaanguka hadi gharama ya kulipeleka gunia mnadani ikamshinda. Kwenye magazeti makubwa ya dunia wiki ile palijaa mambo mengine. Hivi karibuni nilimwomba kijana wa TEHAMA aiambie mashine ifuatilie matangazo ya Delhi, kwa ajili ya baba mdogo. Sasa Jumatatu tunapata pia matokeo ya kriketi.

Nikafanya kosa la kulisema hili kikaoni. Nilisema, kwa adabu, kwamba sekunde arobaini za Tunduma zina uchumi mwingi kuliko kurasa tisa. Nilitaraji waniambie nirudi kwenye ukurasa wangu mmoja. Bosi alinyamaza, akatikisa kichwa taratibu, akasema hilo ni wazo zuri sana, na Tunduma iingizwe kwenye mfumo.

Kijana wa TEHAMA akatengeneza fomu. Mtu wa Tunduma hatakiwi tena kutuma sauti, kwa sababu mashine inachanganywa na honi. Kila Jumapili anajaza: hali ya mpaka, mwenendo wa mahitaji, hatari zinazoonekana, mtazamo wa robo mwaka. Maneno yasipungue mia tatu. Akanipigia kulalamika, nikamwambia avumilie, na mimi navumilia. Wiki za mwanzo alikuwa anajaza kwa shida, "foleni ndefu" kisha nukta nyingi ili maneno yatimie.

Jumatatu iliyopita taarifa yake ilikuja imenyooka mno. "Katika kipindi kinachoangaziwa, mpaka wa Tunduma umeendelea kushuhudia mtiririko wa wastani wa vyombo vya usafirishaji, huku wadau wakionyesha utulivu wenye tahadhari." Mashine ikaipenda, ikaipandisha ukurasa wa kwanza, juu ya Ujerumani. Nikampigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hayo malori ni mangapi, na yana mzigo gani?"

"Mzee, mimi sipo Tunduma tangu Alhamisi. Niko Mbozi, tumeleta posa ya mdogo wangu."

"Na hii taarifa?"

"Si simu inaandika yenyewe? Kwani imekosea?"

Nikamwambia aendelee na posa. Kikaoni bosi aliisoma ile aya kwa sauti, mara mbili, akasema sasa ndiyo Tunduma wameanza kuelewa, na kuanzia mwezi ujao Mbeya, Kahama na Mwanza nao waandike hivyohivyo.